Kielezi "fairly" cha Kiingereza na Kadiri ya Kati katika Kiswahili

1. Utangulizi

Mfasiri anapokutana na istilahi ya sheria au ya utabibu husimama, akafungua kamusi, akauliza wenzake. Anapokutana na neno kama "fairly" hasimami. Hulitilia "kidogo", au "kiasi", au "vya kutosha", lolote limjialo kwanza, kisha akaendelea na kazi yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hapo hasa ndipo apaswapo kusimama, kwani maneno hayo matatu ya Kiswahili hayana maana moja, na kosa la kuyachanganya laweza kugeuza ushahidi wa mtu mahakamani au jibu lake katika hojaji.

Yako maoni, tunayoyasikia hata katika vyumba vya mihadhara, kwamba Kiswahili hakina njia ya kueleza kadiri ya kati: kwamba kitu kwetu ama ni kizuri ama ni kizuri sana, na baina ya hayo hapana neno. Maoni haya hatuyakubali. Njia zipo, tena ni nyingi. Tatizo ni kwamba hazikukusanywa katika fungu moja la maneno, kama zilivyo katika Kiingereza, bali zimetawanyika katika sarufi nzima: nyingine ni vielezi, nyingine ni vitenzi, nyingine ni ukanushi, na nyingine ni kukariri shina. Kazi yetu hapa ni kuzipanga na kuzipima moja moja.

2. Maana tatu za neno moja

Kielezi "fairly" kimetokana na kivumishi "fair", ambacho katika Kiingereza cha kale kilikuwa "fæger", maana yake "-zuri, -a kupendeza". Kutoka uzuri wa sura maana ilienea hata ikafika kwenye uzuri wa mwenendo, yaani haki na kutopendelea. Na kutoka hapo ikafika kwenye kadiri, yaani kiasi kisichochukiza, kinachokubalika. Kwa hiyo mfasiri wa leo ana maana tatu mbele yake.

(1) "The marks were fairly given."
(2) "The marks were fairly high."
(3) "The boy fairly flew down the road."

Sentensi ya kwanza yasema kuwa alama zilitolewa kwa haki. Ya pili yasema kuwa alama zilikuwa za juu kwa kadiri fulani, wala si za juu kabisa. Ya tatu haisemi kadiri ya kati hata kidogo. Yasema kwamba mvulana alikwenda mbio kana kwamba anaruka hasa. Hapa "fairly" inatia nguvu badala ya kupunguza, na Kiswahili kingesema "aliruka hasa" au "ungedhani anaruka".

Kinachozitenga maana hizi tatu ni mazingira ya neno. Kielezi hiki kikikaa mbele ya kivumishi au kielezi kingine, kama "high", "well", "often", ni cha kadiri. Kikifuatana na kitenzi cha kutenda, ni cha haki au cha kutia nguvu. Kanuni hii ni nyepesi, lakini mwanafunzi asipofundishwa hufasiri "fairly distributed" kuwa "imegawanywa kiasi", na mwenye kupokea mgao akaelewa kuwa hakupata fungu lake lote.

3. "Fairly" na jamaa zake

Wanasarufi wa Kiingereza, mathalani Quirk na wenzake katika sarufi zao za mwaka 1972 na 1985, wameyagawa maneno ya kadiri katika makundi mawili makuu: yale yanayokuza sifa na yale yanayoishusha. "Fairly" imo katika kundi la pili, lakini haishushi sana. Jamaa zake wa karibu ni "rather", "quite" na "pretty". Tofauti baina yao ni ya maana, na yafaa tuitaje kabla ya kuvuka upande wa Kiswahili.

Kwanza ni tofauti ya mwelekeo. Vitabu vya kufundishia, kikiwamo kile cha Thomson na Martinet kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1960, hueleza kuwa "fairly" hupendelea sifa zinazotakiwa, na "rather" sifa zisizotakiwa. Mtu akisema "the room is fairly warm", ameridhika na joto la chumba. Akisema "the room is rather warm", yamkini anataka dirisha lifunguliwe. Kipimajoto ni kimoja, lakini hukumu ni mbili. Kanuni hii haikufungwa kabisa, kwani Waingereza husema pia "fairly difficult" na "fairly bad". Hata hivyo mwelekeo upo.

Pili ni tofauti ya muundo. "Rather" hukubali kivumishi cha kulinganisha, kama katika "rather better". "Fairly" haikubali, na hakuna asemaye "fairly better". "Rather" hukaa mbele ya "too", kama katika "rather too big". "Fairly" haikai hapo. "Rather" huweza kueleza kitenzi, "I rather like it". "Fairly" ya kadiri haiwezi. Tutaona baadaye kwamba vikwazo hivi vina siri ndani yake.

Tatu, "quite" ina tabia mbili. Mbele ya sifa iliyo na daraja, kama "good", huko Uingereza humaanisha kadiri ya kati. Mbele ya sifa isiyo na daraja, kama "impossible", humaanisha "kabisa". Huko Marekani, "quite good" aghalabu hukaribia "nzuri sana". Kwa sababu hii hatuwezi kuifanya "quite" kuwa mizani ya kupimia "fairly".

4. Vyombo vya Kiswahili

4.1 Kiasi. Neno hili lina asili ya Kiarabu, "qiyās", yaani kipimo. Katika Kiswahili ni nomino ya ngeli ya KI-VI kwanza, kama katika "kiasi gani?" na "mtu wa kiasi", kisha ndipo huwa kielezi: "nyumba kubwa kiasi", "amesoma kiasi". Likiwa kielezi hueleza kuwa sifa ipo, tena ipo kwa kipimo kinachoonekana, ila haikujaa. Kwa kadiri hii ndilo lililo karibu zaidi na "fairly". Lakini lina hatari moja. "Kiasi" hufungua mlango wa kishazi cha matokeo: "alichoka kiasi cha kushindwa kusimama". Hapo kuchoka si kwa wastani tena, ni kukubwa. Kwa hiyo sentensi "amechoka kiasi", ikisomwa kwa sauti inayopanda mwishoni, humwacha msikilizaji akingoja maneno mengine. Katika maandishi yafaa mfasiri ahakikishe kuwa kituo kinakuja mara moja, au atumie "kwa kiasi" ama "kwa kiasi fulani".

4.2 Kidogo. Hili limetokana na shina la kivumishi "-dogo" na kiambishi "ki-". Watu wengi hulichukua kuwa ni sawa na "kiasi". Tutalirudia katika sehemu ya 5, kwa kuwa hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu.

4.3 Vya kutosha. Kirai hiki chatoka kwenye kitenzi "tosha", na kitenzi hiki daima kina swali nyuma yake: yatosha kwa nini? "Maji ya kutosha" ni maji yanayofikia haja fulani. Kiingereza kina neno lake kwa maana hiyo, nalo ni "enough", ambalo hufuata kivumishi badala ya kukitangulia. "Fairly" haina haja wala lengo ndani yake. Chumba chaweza kuwa "fairly large" na bado kisitoshe watu kumi.

4.4 Wastani na kadiri. Maneno haya mawili nayo ni ya asili ya Kiarabu. "Wastani" yahitaji kundi: mwanafunzi wa wastani ni wa kati baina ya wenzake. "Fairly good" haiko katikati ya kundi; iko juu ya katikati, chini ya "nzuri". Anayeifasiri kuwa "ya wastani" ameishusha daraja. "Ya kadiri", kama katika "nyumba ya kadiri", ni ya upole zaidi, na inafaa hasa pale kinachopimwa ni ukubwa, mali au umri.

4.5 Ukanushi. Kiswahili kinapenda kusifu kwa kukana aibu. "Si mbaya", "si haba", "hajambo" ni misemo ya kila siku. "Haba" ni kichache. "Mavuno si haba" ni mavuno ya kuridhisha, na ndani yake mna shukrani. "Hajambo", ambayo kwa asili ni kukana kuwa na jambo, hutumika kwa afya ya mtu. Njia hii ina sifa moja inayokosekana katika "kiasi": huelekea upande wa kuridhika peke yake, kama ilivyo "fairly" inapokaa na sifa njema. Upungufu wake ni kwamba haitumiki na kila sifa. "Si mfupi" si lazima iwe "mrefu kiasi", wala "si masikini" si lazima iwe "tajiri kiasi".

4.6 Kukariri shina. Kuni "mbichimbichi" hazikukauka barabara. Nguo yenye rangi ya "nyekundunyekundu" haikuwa nyekundu hasa. Hapa kukariri kunasema kwamba sifa imekaribiwa lakini haikufikiwa. Hata hivyo kukariri kuna kazi nyingine pia: "mambo madogomadogo" ni mambo mengi ambayo kila moja ni dogo, wala si mambo yanayokaribia udogo. Kwa hiyo chombo hiki hutegemea aina ya sifa, na huhusika zaidi na rangi na hali za vitu.

Lipo jambo moja zaidi linalogusa vyombo hivi vyote. Vivumishi halisi vya Kiswahili ni vichache, na hali nyingi ambazo Kiingereza huzieleza kwa kivumishi sisi huzieleza kwa kitenzi chenye "-me-": amechoka, ameridhika, umejaa, zimekauka. Ndiyo maana "fairly tired" haina budi kuwa "amechoka kiasi", kielezi kikifuata kitenzi. Kikwazo cha Kiingereza, kwamba "fairly" ya kadiri haielezi kitenzi, hakivuki kuja kwetu, na mwalimu asiwasahihishe wanafunzi kwa kufuata sarufi isiyo ya lugha yao.

5. Kidogo na kiasi: vipimo viwili tofauti

Tazama mifano ifuatayo:

(4) Shati hili ni kubwa kiasi.
(5) Shati hili ni kubwa kidogo.
(6) Mgonjwa hajambo kidogo.
(7) Huyu ni mrefu kidogo kuliko nduguye.

Anayesema sentensi ya (4) anatoa habari za shati lenyewe: lina ukubwa unaoonekana. Anayesema ya (5), akiwa amelivaa mbele ya mwenye duka, anataka lingine; shati limempita kidogo. Sentensi ya (6) haisemi kuwa mgonjwa ana afya ya kati. Yasema kuwa leo ni afadhali kuliko jana, na yawezekana bado yu kitandani. Katika ya (7) "kidogo" chapima tofauti baina ya watu wawili, na hapo hatuwezi kuweka "kiasi" bila kuuharibu usemi.

Mifano hii yote ina uzi mmoja. "Kidogo" hupima umbali kutoka mahali fulani: kutoka kipimo kinachotakiwa, kutoka hali ya jana, kutoka urefu wa mwingine. "Kiasi" hupima wingi wa sifa ndani ya kitu chenyewe, bila kukilinganisha na kingine. Cha kwanza ni kipimo cha tofauti. Cha pili ni kipimo cha wingi.

Sasa turudi kwenye vikwazo tulivyoviona katika sehemu ya 3. "Rather" hukubali kulinganisha na hukubali "too". Nayo, kama "kidogo", hupima umbali kutoka mahali fulani. Ndiyo maana pia hubeba dalili ya kutoridhika: kinachopita kipimo kinachotakiwa ni kasoro. "Fairly" hukataa kulinganisha na hukataa "too", kwa kuwa, kama "kiasi", hupima wingi wa ndani. Kwa hiyo mlingano wa kwanza ni huu: "rather" kwa "kidogo", "fairly" kwa "kiasi". Hatusemi kuwa mlingano huu umekamilika. Asili ya "fairly" ni uzuri, na harufu ya uzuri huo haijaitoka; asili ya "kiasi" ni kipimo, nayo haisifu wala hailaumu. Palipo na sifa ya kukusudiwa, "kiasi" peke yake kitaonekana baridi, na mfasiri hufanya vyema akitumia "si haba", au "ya kuridhisha", au abadili muundo wa sentensi.

Aidha "kidogo" kina kazi ya adabu. Mnunuzi asemaye "bei ni ghali kidogo" huenda anaona kuwa ni ghali mno, ila anamstahi muuzaji. Mtu akiambiwa "ngoja kidogo" hapewi kipimo cha muda, anaombwa kwa upole. Matumizi haya yanaongeza sababu ya kutolitumia neno hili pale ambapo kadiri yenyewe ndiyo inayotafutwa.

6. Gharama ya kukosea

6.1 Mahakamani. Kwa mujibu wa kifungu cha 198 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai ya Kenya, lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Shahidi aghalabu husema kwa Kiswahili au kwa lugha yake ya nyumbani, na maneno yake yakaandikwa kwa Kiingereza. Katika kesi za utambuzi wa usiku jambo hili ni zito mno. Mwaka 1986 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisisitiza kuwa hapana budi kuuliza kulikuwa na mwanga wa aina gani, ukubwa wake, na ulikuwa wapi ukilinganishwa na mshukiwa.

Tuseme shahidi amesema: "Palikuwa na mwanga kiasi." Mkalimani akiandikisha "there was a little light", ameudhoofisha ushahidi. Akiandikisha "there was enough light", ameamua yeye swali ambalo ni la hakimu, kwani kutosha ni kutosha kwa kumtambua mtu. Akiandikisha kwamba mwanga ulikuwa "fairly bright", amekaribia, lakini ameongeza sifa ya ung'avu ambayo shahidi hakuitaja. Shahidi alitaja wingi wa mwanga tu. Kilicho salama ni kuandika kuwa palikuwa na mwanga wa kadiri fulani, kisha mahakama imwulize shahidi: taa ya aina gani, umbali gani? Mkalimani anayejua tofauti hii hatamwongezea wala kumpunguzia mtu kifungo kwa kielezi.

6.2 Katika hojaji. Utafiti wa maoni wa Afrobarometer, ulioanza mwaka 1999, huwauliza wananchi jinsi walivyoridhika na demokrasia nchini mwao, na majibu ya Kiingereza hupangwa katika ngazi nne: "very satisfied", "fairly satisfied", "not very satisfied" na "not at all satisfied". Ngazi mbili za juu ni za walioridhika. Mbili za chini ni za wasioridhika. Mtu yeyote atakayefasiri ngazi kama hizi kwa Kiswahili akiandika "nimeridhika kidogo" kwa ngazi ya pili, atakuwa ameisukuma chini hata ikagusana na "sikuridhika sana". Anayejibu ataona ngazi mbili zenye maana moja, na atachagua kwa kubahatisha. "Nimeridhika kiasi" inaitenga ngazi ya pili na ya tatu, nayo ndiyo tunayoipendekeza. "Nimeridhika vya kutosha" haifai, kwani msikilizaji aweza kuiona kuwa sawa na kuridhika kabisa: aliyetosheka hadai zaidi.

6.3 Katika ripoti za shule. Mwalimu aandikaye "fairly good" anamtia moyo mwanafunzi na kumkumbusha kuwa safari bado. "Vizuri kidogo" inamvunja moyo. "Wastani" inamweka kati ya wenzake bila ya mwalimu kukusudia. "Vizuri kiasi" yasema kadiri lakini haina joto. "Si haba, ongeza bidii" inatimiza kazi zote mbili, na mzazi asiyejua Kiingereza ataisoma akaelewa kilichokusudiwa.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kuwa "fairly" hufanya mambo matatu kwa pamoja: hutaja kadiri, huelekea upande wa kuridhika, na humzuia msemaji asije akadai zaidi ya ajuavyo. Kiswahili hakina neno moja lifanyalo yote hayo, lakini kina "kiasi" kwa kadiri, kina "si haba" na wenzake kwa kuridhika, na kina "kwa kiasi fulani" kwa hadhari. Mfasiri ajiulize kwanza ni jambo lipi kati ya hayo lililo zito katika sentensi yake, ndipo achague.

Watunzi wa kamusi nao wana sehemu yao. Kidahizo kama "fairly" kikipewa orodha ya visawe, "kiasi, kidogo, vya kutosha", bila ya mfano hata mmoja, hakimsaidii msomaji. Humpa ruhusa ya kukosea. Yatosha kila kisawe kiandamane na sentensi moja fupi, na palipo na "kidogo" paonyeshwe kuwa neno hilo hupima tofauti. Utafiti zaidi nao unahitajika katika lugha nyingine za nchi hii, kwa kuwa shahidi anayesema kwa lugha ya nyumbani huvushwa mara mbili kabla maneno yake hayajaandikwa, na katika kila kivuko kielezi ndicho cha kwanza kuanguka majini.